Siku Mashine Ilipoacha Kukohoa

Naikumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, babu yako Mwakio alipoingia jikoni na grisi hadi viwikoni, akicheka peke yake kama kijana aliyepeleka posa ikakubaliwa. "Wakesho," akaniambia, "imeacha kukohoa." Nikaepua sufuria, nikajitupia leso, nikamfuata mtoni kwenda kusikiliza. Tulikuwa vijana, tulikuwa Garissa, vita vya shifta vimetuzunguka, na sisi wawili tumesimama ukingoni mwa Tana tunaushangilia mlio wa mashine ya boti. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ni siku gani maishani ningependa kuirudia ili niizuie. Ningeulizwa, ningeitaja hiyo.

Nakuandikia haya kwa sababu ya ile ziara yako ya juzi. Ulikuja na uso wa furaha, ukaniambia umenunua boti ya kuvusha watu maji yanapokata barabara pale Madogo, mashine yake nzuri ila haina nguvu. Ukanieleza habari za hosipawa, hizo nguvu za mashine, mpaka chai ikapoa. Kisha ukataka sanduku la vyombo vya ufundi la marehemu babu yako, nami nikakujibu kwamba nitafikiria. Uliondoka umenuna, usidhani sikukuona. Sanduku utapewa, maana kama si lako ni la nani tena? Lakini ndani yake mna kitu kingine, kimefungwa kwa kitambaa, na sikutaka ukikute kabla hujajua kilifikaje humo.

Sisi tulitoka Taita. Babu yako aliletwa Garissa na serikali awe fundi wa mitambo, nami nikapata kazi hospitalini, kusaidia wakunga na kufunga vidonda. Watu wa kwetu walitulilia tulipoondoka, ungedhani tumeshakufa. Na kweli hali ilikuwa mbaya. Waliotaka mkoa ule ujitenge na Kenya walikuwa vichakani na bunduki, wanajeshi walikuwa wakiwasaka, na katikati walikuwamo wafugaji na ngamia wao, ambao kila upande uliwadhania ni wa upande wa pili. Magari hayakutembea bila msafara wa ulinzi, na mvua ikinyesha hata misafara ilikwama kwenye matope. Basi mgonjwa aliyekaa kando ya mto, huko chini ya mji, alikuwa na njia moja tu ya kufika hospitali. Ilikuwa boti yetu.

Ilikuwa boti ya bati, na nyuma yake imening'inizwa mashine kuukuu iliyopita kwenye mikono mingi kabla ya kumfikia babu yako. Ilikuwa na pistoni mbili. Moja ilifanya kazi, nyingine ilisinzia, na kila ilipozinduka ilikohoa. Tu-tu-tu, kho! Tu-tu-tu, kho! Babu yako alikuwa na fahari ya ufundi wake, ulimjua, na kikohozi kile kilimtia aibu mbele za watu. Mimi nilimtania kwamba ameoa wake wawili, na mwenzangu ana kifua.

Lakini watu wa ukingoni waliipenda. Waliipa jina, Qufac, ambalo kwa Kisomali ndicho kikohozi. Sikiliza vizuri hapa, mwanangu, maana habari yote imelala hapa. Siku zile mlio wa injini ulikuwa mlio wa kukimbia. Lori likisikika kwa mbali, akina mama walifagilia watoto mbele yao wakaingia kichakani, kwa kuwa hawakujua anayekuja anatafuta nani na atamwondoa nani. Ila kikohozi kikisikika kwenye kona ya mto, hakuna aliyekimbia. Walishuka majini na wagonjwa wao na vibuyu vya maziwa, watoto wakitangulia wakikohoa kwa kutuiga. Wanajeshi kwenye vizuizi vyao vya njiani walitujua kwa sura, na watu wale walitujua kwa sauti.

Huko chini ndiko nilikompata rafiki yangu Habiba. Alikuwa rika langu, mrefu, mwepesi wa kucheka, na Kiswahili chake alikiokota sokoni kipande kipande, na kama wengi wa kwao, p kwake ilikuwa b na v ilikuwa f. Mimi nilimwita abaayo, yaani dada, naye akaniita vivyo hivyo. Nilipokuja na boti alinishika mkono akanikalisha kwenye mkeka, akaninywesha maziwa ya ngamia mpaka nikaomba msamaha. Mumewe alikuwa mbali na mifugo, upande wa Ijara, na amri za vita zilikuwa zimemfungia njia ya kurudi. Kwa hiyo Habiba aliishi na baba yake, Mzee Dagane.

Mzee Dagane alikuwa na ndevu alizozipaka hina na ulimi usiokaa. Siku moja babu yako alijaribu kumweleza kwamba nguvu za mashine huhesabiwa kwa farasi. Neno hilo kwa Kisomali halitofautiani sana na letu, kwa hiyo mzee alilidaka papo hapo. Akaizunguka mashine, akaichungulia chini na juu.

"Fundi, hii farasi nakula nini?"

"Inakula petroli, mzee."

"Na hii kohoa-kohoa? Farasi iko mgonjwa, weye nabandisha watu?"

Watu walicheka, babu yako akacheka kwa nguvu kuliko wote, ila nilipomtazama masikio yake yalikuwa yamewaka.

Habiba alikuwa na mimba ya kwanza. Miguu yake ilikuwa imevimba, na macho yake yalikuwa na weupe nisioupenda. Nikamwambia asijifungulie pale, akisikia uchungu tu aniite nije nimchukue. Aliogopa hospitali. Alisema mjini kuna wanajeshi wengi, na kwamba mtu akivuka kizuizi hajui kama atarudi. Tulizungumza kwa muda mrefu, mikono yangu ikiwa kwenye tumbo lake, na mwishowe akakubali.

"Sawa, abaayo. Lakini mimi nabanda Qufac tu. Nikisikia hiyo nakohoa, najua ni weye nakuja. Kitu ingine, mimi nakimbia."

Nikamwahidi kwamba nitakuja na Qufac. Niliahidi kwa moyo wote, na wala sikusema uongo.

Mvua zikaanza. Tana ikajaa, ikawa nyekundu, inabeba miti mizima. Kuteremka na maji hakukuwa na tabu. Tabu ilikuwa kurudi. Tuliitwa kumchukua kijana mchungaji aliyeumwa na nyoka, tukamfikia upesi, tukamlaza kwenye boti, tukageuza kupanda kwenda mjini. Mashine ikakohoa na kunguruma, maji yakatusukuma nyuma kila tulipopata hatua. Kulikuwa na mkuyu ukingoni, tawi lake moja limevunjika. Nakwambia, mwanangu, tulikaa sambamba na mkuyu ule mchana kutwa. Nikiinua kichwa kutoka kwa kijana, nauona palepale. Babu yako aliibembeleza mashine, akaitukana, akaiomba kwa Kitaita. Kijana alikata roho tawi lile lile likitutazama, na mama yake alikuwa ndani ya boti.

Babu yako hakula usiku ule. Kesho yake alimwagiza dereva wa msafara amletee koili mpya ya kuwashia moto na plagi mbili kutoka Nairobi. Vilipofika aliifungua mashine yote, akaitandaza kwenye gunia. Alikwangua masizi yaliyokuwa yameziba njia za moshi. Alikiparuza kichwa cha silinda juu ya kioo kwa msasa, taratibu, ili hewa ibanwe zaidi na moto upige kwa nguvu zaidi. Aliirekebisha kabureta. Alipata rafadha ya kusukumia maji, yenye mabawa mapana kidogo, akaifunga badala ya ile iliyoliwa na mchanga. Hayo ndiyo unayoyataka wewe, na yote yamo kwenye mikono uliyorithi. Alikuwa akifanya kazi kimya, na nilijua kila tundu analolisafisha analisafisha kwa ajili ya yule kijana.

Ndipo ikaja ile asubuhi niliyokuanzia nayo. Mashine iliwaka kwa mvuto mmoja, ikatoa mlio mzito, laini, usiokatika hata kidogo. Tuliijaribu juu ya mji, tukipanda mto, kwa kuwa kupanda ndiko kulikotushinda. Ikayapasua maji yale mekundu kana kwamba hayapo. Babu yako alikuwa amesimama na upepo usoni, anacheka na machozi yanamtoka. "Sasa hafi mtu," alisema. Nami nilimwamini.

Upande wa chini, waliko watu wetu, hatukwenda. Mashine ilikuwa haijamaliza hata siku mbili ndani ya maji Mzee Dagane alipotufikia, amelowa, amechoka, fimbo yake imejaa matope. Alikuwa amekuja kwa miguu kupitia vizuizi vyote.

"Wakesho, njoo! Habiba iko na uchungu. Tangu jana. Njoo haraka!"

Tulimpandisha mzee kwenye boti hata hajapumua, tukaondoka. Boti iliruka. Mzee alizishika kingo kwa mikono yote miwili, akatazama miti inavyopita, na pamoja na hofu yake ya mzazi akatabasamu. "Fizuri, fundi," akapaza sauti, "fizuri sana! Leo farasi imebona!" Babu yako akatikisa kichwa kwa furaha. Mimi nilikuwa nabana mfuko wangu wa dawa kifuani, nahesabu moyoni tutakavyomlaza Habiba, na kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze nilikuwa na tumaini.

Tulipokaribia kona ya mto iliyo juu kidogo ya makazi yao, nilimwona mzee anabadilika. Tabasamu lilimtoka. Aligeuka akaitazama mashine, akatazama mbele, akaitazama mashine tena. Kisha akainuka akasimama wima ndani ya boti inayoyumba.

"Fundi! Kohoa! Fanya ikohoe!"

Babu yako hakumsikia sawasawa. Mlio ulikuwa mkubwa. Mzee akamshika bega akamtikisa.

"Wao hawajui hii! Fanya ikohoe, wallahi, watakimbia!"

Ndipo tulipoelewa, mimi na babu yako, kwa pamoja. Babu yako akafyatua kifuniko cha mashine, akauchomoa waya wa plagi moja ili pistoni ile ilale kama zamani. Umeme ulimpiga hata akapiga ukelele. Mashine ikakohoa mara moja tu, kho, ikazimika kabisa. Boti ikaizunguka kona kimyakimya ikibebwa na maji. Na katika kimya kile tulisikia matawi yanavunjika kichakani, miguu ya watu wengi inakwenda mbali nasi, mtoto anaanza kulia kisha analia kwa mdomo uliozibwa.

Mzee Dagane aliita kwa sauti yake yote. Alitaja jina lake, akamwita Habiba, akawaita majirani mmoja mmoja. Hakuna aliyejibu. Baadaye walituambia kwamba walimsikia, ila walidhani amekamatwa na analazimishwa kuwaita. Siku zile hata sauti ya mzazi haikuaminika ikija nyuma ya injini usiyoijua.

Makazi tuliyakuta matupu. Moto ulikuwa bado unawaka, kibuyu kimepinduka na maziwa yanaingia mchangani. Kwenye kibanda cha Habiba kulikuwa na mkeka uliolowa, na nguo zake alizozikunja tayari kwa safari, zimefungwa kwa shuka. Alikuwa amejiandaa, mwanangu. Alikuwa anatungoja.

Tulimtafuta huku tukiita, miiba ikitukwaruza. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka tulipompata chini ya kichaka kinene, mwanamke mzee wa jirani amemshika kichwa. Walimbeba wakikimbia, wakamwangusha njiani, wakambeba tena. Alikuwa ametokwa na damu nyingi. Nilipopiga magoti akanitambua, akanitazama si kwa hasira, bali kama mtu anayeshangaa.

"Abaayo," akasema, "mimi nasikiza, nasikiza. Qufac habana kuja."

Nilimwambia nimekuja, niko hapa. Mpaka leo nikilikumbuka jibu langu naliona fupi mno.

Tulimlaza kwenye boti, babu yako akarudisha waya na kuwasha. Na mashine ilikwenda. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ilikwenda vizuri ajabu, ikapanda mto uliojaa bila kusita, ikaupita ule mkuyu mara moja tu nilipopepesa macho. Kila alichotaka babu yako iweze, iliweza. Habiba alikata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu, na mtoto hakuwahi kulia. Mashine iliendelea kunguruma hivyohivyo mpaka mjini, laini, haikukohoa hata mara moja.

Walimzika jioni ileile, kama dini yao inavyotaka. Baada ya maziko Mzee Dagane alishuka mtoni, akamkuta babu yako amekaa kwenye mchanga karibu na boti. Nyundo ilikuwa miguuni pake, na nadhani alikuwa amekusudia kuivunjavunja ile mashine. Mimi nilikuwa nimesimama kando, namchunga. Mzee aliketi. Ndevu zake za hina zilikuwa zimejaa vumbi la kaburi.

"Fundi," akasema, "mimi sikasiriki farasi yako. Mto iko na nguvu, lazima farasi iwe na nguvu. Sikia. Kwetu kila ngamia iko na kengele ya mbao. Tunaita koor. Mchungaji nasikia koor usiku, najua hii ya nani, hii ya nani. Mtu akibadilisha koor ya ngamia yake, kwanza nazunguka kwa majirani. Nasema, jamani, sauti ya ngamia yangu imebadilika, nyinyi musishtuke, musimfukuze, musidhani ni ya adui. Ndio nafunga koor mbya. Weye umebadilisha koor, hukusema."

Babu yako aliinamisha kichwa. Mzee akamwekea mkono kisogoni, kama anavyomwekea mtoto wake.

"Na mimi ni mzee," akasema, "mimi mwenye kujua hiyo. Nimekaa ndani ya boti, nimefurahi. Nimesahau. Sisi wawili."

Halafu akalia. Sijamwona mwanamume mwingine wa kule akilia mbele ya watu, wala mbele yangu hakulia tena. Babu yako alimshika, wakakaa hivyo, Mtaita na Msomali, vita vikiendelea huko nje kana kwamba hawa hawapo.

Hakuivunja mashine. Angeweza pia kuirudishia ugonjwa wake, kwa kuulegeza waya mmoja tu, na usiku mmoja alikaribia kufanya hivyo. Lakini tungepandaje na mgonjwa mwingine? Ule mkuyu ungali palepale. Basi tulikaa hatujui la kufanya, hadi siku Mzee Dagane alipokuja na kitu ndani ya shuka yake. Ilikuwa kengele ya mbao, nyeusi kwa mafuta ya mikono na jasho la ngamia. Ilikuwa ya ngamia jike ambaye mzee alimpa Habiba alipoolewa. Ngamia mwenyewe alikuwa ameshachukuliwa katika msako, pamoja na kundi zima. Kengele ilibaki kwa sababu mkanda wake ulikuwa umekatika na Habiba aliivua aushone.

"Funga mbele ya boti," mzee alisema. "Watu wangu wote wanajua hii."

Babu yako akaifunga kwenye pua ya boti. Tukawasha, tukateremka, na hapo tukagundua upumbavu wetu: mbao haisikiki mbele ya injini. Tuligonga kwa kijiti, tukagonga kwa nguvu, wapi. Mzee akamtazama fundi, fundi akaitazama mashine yake nzuri. Kisha, mbali kabisa na ile kona, babu yako akaizima mwenyewe.

Tukaelea. Maji yalitubeba polepole huku mzee anaigonga ile kengele, ko, ko, ko. Tuliizunguka kona. Ukingo ulikuwa mtupu. Mzee aligonga tena, akasubiri. Ilipita muda mrefu, nikadhani wamehama. Halafu sauti ya mwanamke ikauliza kutoka kichakani, kwa woga, "Waa ayo?" Ni nani?

Mzee alifungua mdomo sauti isitoke. Mkono wake ulikuwa juu ya kengele ya mwanawe. Ndipo babu yako, yule mtu mwenye fahari, aliyechukia kikohozi kile kuliko kitu chochote, akasimama ndani ya boti, akaweka mikono mdomoni, akakohoa. Kho! Akakohoa tena, na tena, machozi yakimtiririka. Mtoto mmoja akacheka huko ndani, akaitikia, kho! Na watu wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakiwa na wagonjwa wao.

Hivyo ndivyo alivyoendesha boti ile hadi vita vilipokwisha, na hata baada ya hapo. Alipanda mto kwa nguvu zote za farasi wake, na alipoteremka alizima kabla ya kila kona. Madereva wa baadaye walimcheka, wakisema anapoteza wakati. Hakujibizana nao. Mzee Dagane alipofariki, babu yako alikwenda mazikoni na boti, na akaigonga kengele njia nzima.

Sasa nikuambie lililo moyoni mwangu, kisha uje uchukue sanduku. Iongezee mashine yako nguvu, mwanangu. Sikukatazi, na babu yako asingekukataza. Maji ya Tana hayana huruma na mashine dhaifu, nimeona. Lakini ujue kwamba unapopata nguvu mpya, iwe ya mashine, ya elimu, ya cheo au ya fedha, unapata pia sauti mpya, na wale unaowaendea hawaijui. Wewe unasikia ushindi wako. Wao wanasikia kitu kinachokuja. Usikasirike wakikukimbia. Watangulie kwa habari kabla hujawatokea. Nenda ukiwa bado yule waliyemzoea, uketi mkekani, unywe walichonacho, uwaambie: jamani, sauti yangu itabadilika, lakini ni mimi. Na usiwe mtu wa kutazama mashine yake tu kama inakwenda vizuri. Ya kwetu ilikwenda vizuri siku ile.

Kengele imo chini kabisa ya sanduku, kwenye kitambaa cha buluu. Mkanda ni ule alioushona Habiba kwa mkono wake, ukaishia katikati. Babu yako hakukubali mtu mwingine aumalizie, nawe usiumalizie. Ifunge puani mwa boti yako. Ukiulizwa ni ya nini, sema ni ya rafiki wa bibi yako aliyekuwa anasikiliza.

Mungu aliyewaona wote waliokuwa mtoni siku zile akubariki mikono, mwanangu, na mikono yako isiumize uliowakusudia mema. Akupe nguvu ya kupanda na moyo wa kuzima. Na kila kona utakayoifikia, ukigonga, pawe na mtu wa kukujibu.